Nyumba Asimoingia Mtu

Nilimwonea wivu Wilma Upmeyer kwa miaka mitatu mizima, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia udhuru. Alikuwa jirani yangu, mjane wa miaka sitini, mshona kola za mashati aliyestaafu, mtu ambaye jina lake halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kitabu cha kanisa na kwenye karatasi za kiwanda. Mimi nilikuwa na shahada mbili, gari, na kazi katika kituo cha ushauri wa familia cha mji wetu mdogo, mwendo wa nusu saa kutoka Bielefeld. Ungetukalisha kwenye meza moja, ungedhani mwenye wivu ni yeye.

Lakini mwanangu alikuwa anakula kwake.

Wilma alizaliwa upande wa Bünde, kwenye nyumba za wasokota sigara. Kwao kazi ilifanywa jikoni, baba, mama na watoto wameizunguka meza, kila mtu na kisu chake na rundo lake la majani ya tumbaku. Mlango ulifungwa na madirisha yalifungwa hata wakati wa joto, kwa sababu upepo ukiingia jani linakauka na kupasuka, na kazi ya siku nzima inakuwa takataka. Mtu akiingia aliingia haraka na kufunga nyuma yake. Wilma alikua akijua hivyo, kwamba mlango unafungwa ili kilichomo kisiharibike. Baada ya vita alikuja Bielefeld kushona kola, akaolewa na Gustav Upmeyer wa reli, wakajenga nyumba ya matofali mekundu kando ya ile tuliyokuja kuinunua sisi baadaye. Walipata mtoto mmoja ambaye hakulia alipozaliwa. Gustav alikufa kwa moyo mwaka wa sabini na moja. Tangu hapo, kila jioni saa kumi na mbili, Wilma aliteremsha mbao za madirisha yake zikagota chini kwa pamoja, na usingemwona tena mpaka asubuhi.

Hayo yote niliyajua kwa kuambiwa na binti yangu Birte. Wilma mwenyewe hakuwahi kunisimulia lolote. Hata maisha ya jirani yangu ilibidi niyapate kwa mtoto wangu, na hilo nalo liliniuma.

Nyumba yangu ilikuwa kinyume chake, na nilijivunia. Sisi tuliosomea mambo ya familia miaka ile tulikuwa na dini yetu, ila tuliiita nadharia. Ilisema kwamba familia ni mfumo. Mfumo ulio wazi unapokea na kutoa, unakua, ukiumia unapona. Mfumo uliofungwa unakula akiba yake mpaka unaoza. Vitabuni yaliandikwa kwa upole, bila neno "zuri" wala "baya", kana kwamba mtu anapima urefu wa kitambaa tu. Lakini sikumsikia hata mwenzangu mmoja akisema "mfumo uliofungwa" bila kukunja pua kidogo. Mimi nilikunja yangu kuliko wote.

Kwa hiyo nilifungua. Mlango wa mbele haukuona ufunguo mchana kutwa. Jumatatu kilikuja kikundi cha akina mama, Jumatano wanafunzi, Ijumaa yeyote mwenye jambo moyoni na chupa ya divai mkononi. Barua zilisomwa mezani kwa sauti. Milango ya vyumba tuliing'oa kabisa, mimi na mume wangu Eckhard, mahali pake tukatundika pazia za shanga. Birte alikuwa na miaka tisa. Aliuliza atabadilishia wapi nguo, nikamjibu kwamba mwili si siri. Mwaka uliofuata Eckhard alitoka kwa mlango ule ule ulio wazi, na kwa kuwa kwetu kila kitu kilizungumzwa, alinieleza kwa saa tatu mfululizo sifa za mwanamke anayemfuata.

Tukabaki wawili, mimi na Birte, pamoja na wageni.

Siku niliyogundua, nilirudi kazini mapema kwa sababu ya kichwa. Birte alikuwa akitoka shule saa saba mchana. Sasa ilikuwa saa tisa na mkoba wake haukuwepo. Nikatoka nje, nikauona kupitia ua: umewekwa ndani ya geti la Wilma, juu ya ngazi, viatu vyake vimepangwa kando. Kwangu alikuwa akivirusha mpaka chini ya friji. Nilibonyeza kengele. Wilma alifungua mlango upana wa mabega yake, hakuzidisha.

"Mama Birte."

"Birte yuko kwako?"

"Yuko. Anafanya hesabu."

"Hesabu anaweza kuzifanyia nyumbani."

"Anaweza," alisema, halafu akangoja. Hakunikaribisha. Nyuma yake ilitoka harufu ya pickert, zile chapati nene za viazi zenye zabibu kavu, na nikasikia sauti ya mwanangu, sauti tulivu ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu: "Mama, namalizia. Nakuja."

Jioni nilimweka kitako.

"Mnazungumza nini huko?"

"Hatuzungumzi."

"Saa nne nzima mnakaa tu bila kuzungumza?"

"Bibi Wilma anashona, mimi nasoma. Anafunga mlango wa jikoni."

"Na hukosi hewa?"

"Mama, jana kuna mtu simjui alikaa kitandani kwangu analia habari za talaka yake."

"Yule ni Monika. Anapitia kipindi kigumu."

"Si akipitie kwingine."

Nilicheka, maana mtaalamu hucheka mtoto wake akisema hivyo. Ndani nilikuwa nawaka. Kama angependa nyumba ya rafiki yake mwenye farasi ningeelewa. Kama angekimbilia kwa baba yake ningelia na kusamehe. Lakini alikwenda kukaa kwa mwanamke asiyesema, nyuma ya mlango uliofungwa, na akarudi amenenepa mashavu. Mwanamke yule hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa ninayoyajua, na alikuwa amepewa kitu changu bila kukiomba.

Nikajifunza kupika pickert. Nilinunua kikunio cha viazi, nikajichuna vidole, nikaunguza upande mmoja, nikapaka asali ya kiazi-sukari juu kama wanavyofanya wenyeji. Birte alikula mbili, akasema, "Ahsante, Mama, ni nzuri." Alinishukuru kama unavyomshukuru mama wa mwenzako. Zilizobaki nilizitupa.

Basi ikaingia habari ya Nadine. Wilma alikuwa akimlea mchana mtoto wa msichana mmoja mfanya usafi, mtoto wa miaka minne, mweupe, mkimya, mwenye tabia ya kushika ncha ya aproni ya Wilma kila alikokwenda. Mwanzoni mwa vuli ya mwaka themanini na nne mama yake aliugua akili akalazwa, na madaktari wakasema hatatoka karibuni. Nadine akapelekwa kwa muda kwenye makao ya watoto. Wilma alivaa kofia, akapanda basi mpaka makao makuu ya wilaya, akaomba apewe amlee. Yeye, ambaye hakuwa akiomba hata chumvi. Wakuu wa wilaya wakaleta shauri kwetu tuipime nyumba yake.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Tiemann, mtu wa sweta na ndevu, mwenye mkono wa kuchora duara safi bila bikari. Ndivyo tulivyofanya kazi: kila familia ilikuwa duara kwenye karatasi kubwa. Familia iliyo wazi ilichorwa kwa vistari vilivyoachana, iliyofungwa kwa mstari mmoja mnene. Halafu tulikuwa na dodoso letu, maswali arobaini, ya kupima uwazi wa nyumba.

"Annegret, huyu si jirani yako?" aliniuliza.

"Ni jirani."

"Safi kabisa, unayajua mazingira. Tutakwenda wawili. Wewe utauliza, mimi nitatazama."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: Daktari, mwanangu anashinda kwake kila siku, mimi sifai. Sikusema. Ningeyasema, kituo kizima kingejua kwamba mtoto wa mshauri wa familia anakimbia kwao. Na kulikuwa na sababu ya pili, nayo naiona aibu zaidi. Nilitaka kuingia ndani ya ile nyumba nione kuna nini.

Tulikwenda Jumatatu moja saa nne asubuhi. Wilma alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Jikoni kulikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki, viti vitatu, cherehani, tanuri, saa ya ukutani. Hakuna zaidi. Nilizungusha macho nikimtafuta mwanangu na sikumwona popote, hata penseli, hata kibanio cha nywele. Kwangu soksi zake ungezikuta mpaka kwenye kikapu cha mkate. Nikasema moyoni, mnafiki huyu, amemfuta.

Nikaanza kuuliza. Ndugu zako wanakuja? Hawaji, wamekufa. Uko kwenye chama chochote, kwaya, kikundi cha kanisa? Hapana. Ukiwa na jambo linakusumbua, unamweleza nani?

"Simwelezi mtu. Nashona."

"Hisia zako huwa unazionyesha vipi?"

"Kwa nani?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Daktari Tiemann aliandika. Tukafika swali la kumi na tisa, ambalo tuliliona ndilo moyo wa dodoso zima.

"Katika siku saba zilizopita, watu wangapi wasio wa nyumba hii wameingia humu ndani?"

Wilma aliweka mikono yake yote miwili juu ya kitambaa cha meza akanitazama. Kalamu ya Tiemann ilikuwa inangoja.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna hata mmoja?"

"Labda ninyi wawili, leo."

Tiemann akacheka, maana alipenda ucheshi wa watu wa kale. Mimi sikucheka. Birte alikuwa ameingia mle Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi nilipokuwa na wageni alikwenda tena. Siku sita katika saba. Na mwanamke huyu ananitazama usoni ananiambia hakuna mtu wa nje aliyeingia. Nililielewa neno lake kwa namna moja tu: kwamba kwake Birte si mtu wa nje. Ameshamhesabu wa humu. Amemtia ndani, amefunga mlango, na ananijulisha mbele ya bosi wangu, akijua kwamba siwezi kufungua kinywa.

Nikaandika sifuri. Niliizungushia duara, nikabonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.

Ripoti niliiandika usiku huo huo, kurasa nne, na sijawahi kuandika kitu kwa wepesi ule. Geti linalofungwa likawa "mipaka migumu". Mbao za madirisha zikawa "hofu ya ulimwengu". Ukimya wake ukawa "njia za mawasiliano zilizoziba". Ukiondoa ile sifuri, hakukuwa na uongo humo. Kila jambo lilikuwa kweli na kila jambo lilikuwa tusi. Neno "wivu" halikuwemo. Halikuhitajika, maana "mfumo uliofungwa" lilifanya kazi yote kwa niaba yake, limevaa koti jeupe. Tiemann alichora duara nene na nukta moja katikati, akasema ni ripoti nzuri, imetulia.

Nadine alipelekwa Herford kwa familia ya watu watano na mbwa wawili, nyumba yenye kelele na bustani. Duara lao lilikuwa la vistari vilivyoachana vizuri. Barua ya kumkatalia Wilma ilifika kabla ya Krismasi.

"Bibi Wilma amekataliwa," Birte aliniambia. Alinitazama kwa namna ya kunipima. Sikujua anajua nini.

"Amesemaje?"

"Hajasema. Ameshona kola moja mara tatu, kila akimaliza anaifumua."

Nilidhani sasa atamtimua mtoto wangu. Ningekuwa mimi, ningemtimua. Nilirudi kazini mapema wiki nzima nione mkoba ukirudi kwangu. Mkoba ulikaa pale pale kwenye ngazi za Wilma, na harufu ya viazi ilivuka ua kama kawaida. Nilikuwa nimeiba mtoto kwa mwanamke yule na bado nilikuwa maskini kuliko yeye. Hiyo ndiyo habari ya wivu ambayo hatukuwa na swali lake kwenye dodoso.

Ulipita mwaka na zaidi. Majira ya machipuko ya mwaka themanini na sita Daktari Tiemann alikwenda semina ya siku tatu huko kusini, akarudi amechangamka kama mtu aliyeoa. Alitukusanya asubuhi kwenye chumba cha mikutano.

"Jamani, tulikuwa nyuma ya wakati," alisema. "Kufungika si ugonjwa! Kufungika ndilo sharti lenyewe. Chembe ya mwili ikikosa ngozi haipokei kitu, inamwagika tu. Mfumo unajifunga kwanza, na kwa kuwa umejifunga ndipo unaweza kuwa wazi. Hao walio wazi kila upande, hao ndio wa kuwaonea huruma."

Akachukua kalamu nene akachora duara la mstari mmoja, kwa madaha yale yale. Safari hii alilitazama kwa upendo. Akasema tunao mfano bora kwenye kabati letu wenyewe, akafungua, akatoa faili la Wilma Upmeyer. Akasoma kurasa zangu kwa sauti. Hakubadilisha hata nukta. Alibadilisha sauti tu. "Mipaka migumu," alisoma, na sasa ilikuwa sifa. "Haelezi hisia zake. Hana haja ya vikundi. Mnaona? Mtu aliyekamilika! Na Annegret aliliona hili kabla ya sisi sote."

Wenzangu wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yetu. Nilitazama nyuso. Hakuna aliyekuwa amekunja pua.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Mtoto gani?"

"Nadine. Tulimnyima Bi Upmeyer mtoto kwa kurasa hizo hizo."

"Aa, huyo." Alifunga kalamu. "Ile ilikuwa kwa ujuzi wa wakati ule."

Nikapandwa na hasira ambazo sijui zilikuwa za Wilma au zangu. Mwanamke ni yule yule, geti ni lile lile. Jana ameoza, leo amekamilika, na yeye mwenyewe hajui lolote, yuko jikoni anashona. Na bado wivu wangu, mpumbavu ule, ukasimama tena: hata kituoni sasa watamsifu yeye. Nikasema kwa sauti kubwa, kabla sijajizuia:

"Swali la kumi na tisa si kweli. Ile sifuri si kweli. Mwanangu alikuwa anaingia mle kila siku, nami nilijua."

Tiemann aliwatoa wengine nje, akanisikiliza hadi mwisho, akasema niende nyumbani nikalifikirie kwa siku chache kabla ya kuandika chochote. Sikulifikiria hata saa moja. Mchana ule niliandika kwa wakuu wa wilaya kurasa mbili za masahihisho. Niliandika yote: jina kamili la Birte, umri wake, siku alizokwenda, saa alizoingia na kutoka, kwamba chumba chake hakina mlango, kwamba wageni hukaa kitandani kwake, kwamba baba yake hayupo, kwamba mimi nilijua na niliandika uongo kwa wivu. Nilipotia bahasha kwenye sanduku la posta nilijiona mtu safi. Nakiri kwamba nilipendezwa na hali ile.

Jibu lilichukua wiki tano. Tiemann alikuwa ameshaniondoa kwenye kazi ya kupima familia, nikapewa kupanga makabati. Barua ilisema mambo mawili. La kwanza, Nadine anabaki alipo; ameanza kumwita yule mama wa Herford mama, na kumng'oa tena kungemdhuru. La pili, kutokana na maelezo yangu mwenyewe, limefunguliwa faili la mtoto Birte Sundermann, miaka kumi na mbili, na ofisa atakuja kuiona nyumba.

Niliichukua barua nikaenda kwa Wilma. Safari hii alinitazama usoni, akafungua mlango wote. Birte alikuwa kwenye mazoezi ya kuogelea. Tulikaa jikoni, na mezani kulikuwa na kopo la penseli, daftari za mwanangu, na sweta yake imekunjwa vizuri.

"Bi Wilma, nimekuja kusema jambo. Nilikuwa nakuonea wivu."

"Najua."

"Unajua?"

"Kila jioni, kabla sijateremsha mbao, unasimama nyuma ya shanga zako unatazama jikoni kwangu. Mimi si kipofu, mama."

"Na siku ile uliposema hakuna mtu anayeingia, nilijua si kweli, nikaandika."

"Nilijua utaandika."

"Basi kwa nini ulisema hakuna?"

Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya aproni. "Ulitaka niseme nini? Yule mwenye ndevu amekaa pale na kalamu yake. Niseme anayeingia humu ni binti wa huyu huyu anayeniuliza, kila siku ya Mungu, kwa sababu kwao hana pa kukaa? Angeandika. Kesho yake wangeuliza mtoto huyu ana nini, na mama yake ana nini. Mdogo wangu aliandikwa na watu wa ofisi mara moja tu. Alikuwa na miaka kumi, alichelewa kusema. Ilikuwa wakati wa vita. Walikuja wastaarabu tu, na maswali yao, na mama yangu akawajibu yote kwa ukweli. Wakamchukua, wakasema ni kumtibu. Halafu ikaja barua kwamba amekufa kwa kifua; baada ya vita ndipo tulipojua watoto wa aina yake waliuawa huko." Akavaa miwani. "Asubuhi ile mlipokuja nilikusanya vitu vya Birte nikavificha kwenye tanuri. Hata hiyo sweta."

"Lakini ulikuwa unamtaka Nadine."

"Nilimtaka mno."

"Na ulijua unaweza kumkosa?"

"Nilijua. Nilikaa hapo nikafikiri. Nikasema, Nadine ana ofisi nzima inamtafutia pa kulala. Birte ana jiko hili tu."

Alisema hivyo bila kujisifu, kama anavyosema bei ya uzi. Nilitaka upesi na mimi niwe na cha kutoa. Nikaweka barua mezani.

"Mimi nimeshayarekebisha," nilimwambia. "Wamekataa kumrudisha Nadine, hilo linaniuma. Lakini ukweli umejulikana. Nimeandika yote, siku, saa, kila kitu."

Aliisoma barua polepole, kidole kikifuata mistari. Kilipofika chini kikasimama.

"Umemwandika Birte?"

"Ilibidi. Ndiyo ulikuwa ukweli."

"Jina lake lote?"

"Ndiyo."

"Na kwamba hana mlango? Na kwamba anakuja kwangu?"

"Bi Wilma, nilijieleza mimi, si yeye. Nilijifungua."

Uso wake ulibadilika rangi. Sikuwahi kumwona akikasirika, na sikujua kwamba hasira yake haina sauti. "Nilimwacha Nadine aende ili huyu asiandikwe," alisema. "Mwaka mmoja na nusu nimenyamaza. Sasa Nadine sina, na huyu ameandikwa, na aliyemwandika ni mama yake, kwa hiari yake. Mama Birte, hivi wewe huwezi kukaa na kitu kifuani hata kidogo? Hata kwa ajili ya mtoto?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu na yote yalikuwa yananitazama mimi. Wilma akaweka barua chini, akainamisha kichwa juu ya zile daftari, na akalia, mabega yanatikisika.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa ufunguo. Sikujua kwamba Birte ana ufunguo wa nyumba ile. Aliingia na nywele mbichi, akatutazama sote wawili, akaona barua. Alifunga mlango nyuma yake, akapita mbele yangu, akaenda kumshika Wilma mabegani na kumwekea shavu kichwani.

Nilibaki nimesimama upande wangu wa meza. Nilijua ninachopaswa kuhisi, aibu na majuto, na vilikuja kweli, wiki zilizofuata, vikakaa. Lakini dakika ile sikuviona. Niliona tu kwamba mwanamke yule alikuwa anamlilia mwanangu, kwamba mimi nilikuwa sijawahi kumlilia, na nikamwonea wivu hata machozi yake.